Alama ya Uongo kwenye Puli ya Mama Adelina

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja wa kahawa. Baba mdogo wangu Novati, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeanza, mbele ya ukoo mzima, kibuyu cha pombe ya ndizi kikiwa katikati ya magoti yake. "Mtu aliyesomea magari kwenye karatasi," alisema, "atatengeneza magari ya karatasi." Watu wakacheka. Mzee Gozibert, seremala wa pale Kanoni, alinitetea kwa namna yake: akasema nitajaribu, lakini mikono yangu ni laini mno, na fundi wa kweli hanawi akatakata. Jirani mmoja akauliza kama ndani ya hiyo diploma kuna spana. Kuanzia siku ile nikaitwa Diploma, na leo nimestaafu kuna watoto pale Kanoni wasiojua kwamba nina jina la ubatizo.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaoshika gereji sasa, mnaochomeka kimashine chini ya usukani mkasubiri kiwaambie gari linaumwa wapi. Siwacheki. Nasema tu kwamba mnaambiwa, na sisi tulikuwa tunatafuta. Katika zama za platini, kutoka Kayanga mpaka Kaisho, hakuna aliyenizidi kwa kusikiliza cheche. Waliokaribia kunizidi wamekufa, Mungu awapumzishe, na waliobaki wanakubali, hasa nikiwa nimekaa nao.

Niliondoka Kanoni kijana, nikaenda Mwanza bila mjomba wala barua ya paroko. Kazi yangu ya kwanza kwenye gereji ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Fundi umeme wa pale alikuwa Mzee Hamisi, mtu mfupi, mpole, aliyevaa kofia ya kufuma hata jua likiwaka. Siku ya kwanza alinitazama nikisugua, akaniuliza, "Kijana, unaogopa umeme?"

"Siogopi, mzee."

"Shika hapa." Akanipa ncha ya waya wa plagi, akazungusha injini.

Nilijikuta nimekaa ndani ya beseni la mafuta ya taa, mkono umekufa mpaka kwapani. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Na sasa?"

"Sasa naogopa, mzee."

"Vizuri. Tunaweza kuanza."

Nilichotaka kujua siku ile, kabla hata ya kubadilisha suruali, ni nguvu ile imetoka wapi. Betri ya gari haiwezi kumrusha mtu. Unaweza kushika vichwa vyake vyote viwili kwa mikono mikavu ukaendelea kula muhogo. Mzee Hamisi akanifungulia distributa, akanionyesha platini, vile viguso viwili vidogo kama vichwa vya misumari. Vikigusana, umeme wa betri unapita kwenye koili na kuijaza nguvu ya sumaku. Vikiachana, sumaku ile inaporomoka ghafla, na katika kuporomoka inazaa umeme mkali wa kuruka hewani na kuwasha petroli. Yaani cheche haizaliwi vinapogusana. Huzaliwa vinapoachana. Baadaye nilisoma jioni, nikaingia chuo cha ufundi, nikapata diploma kwa jasho langu mwenyewe, na walimu walinipa hesabu za jambo hilo. Hesabu ni sahihi. Mshangao wangu haukupungua.

Cha pili alichonifundisha kilinishinda kukiamini kwa wiki nzima. Cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu. Nilidhani amekosea. Utawashaje moto juu ya kichwa cha pistoni ambayo bado inapanda? Akaniambia moto nao unahitaji muda wa kuenea. Ukiuchelewesha, pistoni imeshaanza kushuka, moto unaikimbiza mgongoni, nguvu inapotelea kwenye ekzosi. Ukiuwahisha mno, unaipiga usoni, injini inagonga kama debe linalopigwa nyundo. Katikati ya kuwahi na kuchelewa kuna nafasi ndogo kuliko kufumba jicho, na injini nzima, mlima na mzigo, inaishi ndani ya nafasi hiyo. Nimeweka taimingi za magari mengi kuliko miti ya mibuni ya baba yangu, na kila linapowaka sawasawa huwa nasimama kidogo. Wateja walidhani nasikiliza. Nilikuwa nashangaa.

Mzee Hamisi alikuwa na neno moja alilorudia mpaka likatuchosha: "Usiiulize injini ina nini. Iulize ilikuwa wapi."

Niliporudi Kanoni nilikuwa na diploma, mke, fila geji moja ya kupimia nafasi za platini, na taa ya taimingi niliyoinunua mwenyewe. Vingine vyote niliazima. Baba mdogo Novati, huyo huyo wa magari ya karatasi, alinipa kiwanja kando ya barabara, tukang'oa migomba yake kupata nafasi ya gari mbili. Usishangae. Kwetu mtu anaweza kukudharau na kukupa kiwanja siku moja. Lakini alitoa na sharti, akalisema mbele ya watu ili lisije likasahaulika: "Siku gari la mtu litakapokushinda hapa, kila aliyekuazima anachukua chake, na mimi narudisha migomba yangu." Nikakubali. Ningefanya nini? Bila kiwanja kile ningerudi Mwanza, na mtu akirudi alikotoka mara ya pili haulizwi habari za safari.

Mzee Gozibert aliniazima jiriwa yake ya kubania vyuma, nzito kuliko ndama. Mkopeshaji wa tatu nilimpata kwa kazi. Huyu ni Sebastiani wa Kaisho, dereva ambaye wazazi wake walitoka Rwanda wakalima maharage kule mpaka wakawa wenyeji. Alikuwa na lori dogo la petroli, la zamani, ambalo asubuhi haliwaki kabisa na mchana linawaka kwa nusu stata. Mafundi walikuwa wamembadilishia betri, plagi na koili. Mmoja alimshauri aliombee.

Nilimuuliza lori linalala wapi. Akasema bondeni, karibu na maji. Basi nikafika kwake alfajiri, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba. Nilifunua boneti, nikajifunika blanketi pamoja na injini ili pawe giza, nikamwambia apige stata. Ndipo nilipoiona. Juu ya kifuniko cha distributa kulikuwa na uzi wa buluu, mwembamba, ukitambaa kama sisimizi wa moto, ukitoka kwenye waya mmoja kwenda mwingine.

"Sebastiani, njoo uone."

Akaingiza kichwa chini ya blanketi, mimi nikaenda kupiga stata. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani: "Diploma! Inatembea!"

"Inatembea kwenye ufa. Ukungu umeijengea daraja. Jua likitoka daraja linakauka."

"Na wale waliniuzia koili!"

Nilikikausha kifuniko kwenye mkaa, nikakwangua ule ufa, nikaupaka rangi ya kucha ya mkewe mpaka kilipopatikana kingine. Lori likawaka ukungu ukiwapo. Sebastiani akasema mtu mwenye macho kama yale hawezi kukosa jeki, akaniazima jeki yake na betri ya akiba. Sikulala usingizi vizuri kwa siku kadhaa. Kila nikifumba macho namwona yule sisimizi.

Sasa nifike kwa Mama Adelina, kwa sababu huyo ndiye aliyetaka kunirudisha Mwanza.

Alikuwa mjane wa Rugu, mwenye shamba kubwa la kahawa na sauti kubwa kuliko shamba. Alikuja na pikapu ya zamani ya silinda nne, inakohoa, inamisi, inatoa harufu ya petroli mbichi. Nikafungua distributa: platini zimeungua, upande mmoja umechimbika, upande mwingine umeota kichuguu. Hiyo ni kondensa iliyokufa, kile kikopo cha kuzilinda platini zisiungue, hata kipofu angejua. Nikaweka platini mpya na kondensa mpya, nikapima nafasi kwa fila geji, halafu nikatoa taa yangu.

Mlio wazee kidogo mnaijua. Taa ile inamulika kila cheche ya silinda ya kwanza inaporuka, na kwa kuwa inamulika kwa wakati ule ule kila mzunguko, puli inayozunguka mbele ya injini inaonekana imesimama. Watu walikusanyika kuangalia. Mzee mmoja alipiga kelele, "Ameisimamisha! Injini inakwenda na gurudumu limesimama!" Nami, kwa nini nifiche, nilijisikia kama nabii. Nikageuza distributa mpaka alama ya kwenye puli iliposimama sawasawa na mshale, nyuzi kumi za duara kabla ya pistoni kufika kilele, kama kitabu kilivyotaka. Nikakaza boliti. Injini haikumisi wala kukohoa.

Mama Adelina aliondoka asubuhi. Mchana akarudi kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba ya nini? Gari langu liko chini ya mlima wa Rugu. Nilikuletea gari linalokohoa, wewe umenirudishia lililonyamaza."

Tulilivuta. Nikafungua kila kilichofunguka: chujio la petroli, kabureta, plagi, waya mmoja mmoja. Nikaweka taa tena. Nyuzi kumi. Nikampa. Siku ya pili ilikuwa ya gulio, na mlima ule unaonekana kutoka gulioni. Watu wote wa Rugu, na nusu ya Kanoni, waliiona pikapu ikipanda kama mgonjwa, ikichemka, ekzosi ikipiga baruti, mpaka bomba likawa jekundu, ikasimama. Watoto wakaisukuma kurudi chini wakiimba.

Habari ilifika Kanoni kabla yetu. Nilipofika na ile pikapu ikivutwa, nilimkuta baba mdogo Novati kwenye kiwanja, panga mkononi na machipukizi matatu ya migomba begani. Kibuyu chake alikuwa amekitundika kwenye kiwiko, kwa sababu kazi ya kupanda ina kiu. Mzee Gozibert alikuwa amesimama kando ya jiriwa.

"Nimekuja kuiangalia tu," akasema.

"Kuiangalia na toroli, mzee wangu?"

Akatazama toroli kama mtu aliyeikuta barabarani.

"Mwanangu," alisema Novati, na hakuwa na ukali, jambo lililoniumiza zaidi, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana, baba mdogo. Nipe mpaka ng'ombe warudi."

Akatazama jua. "Adelina, unasemaje?"

Mama Adelina alikuwa ameketi juu ya jiwe. "Mimi sina haraka," akasema. "Sina gari."

Basi nikasimama mbele ya injini ile, watu nyuma yangu wakitafuna buni na kungoja. Nikajiambia: dalili zote ni za cheche inayochelewa. Haina nguvu, inachemka, moto unaishia kwenye ekzosi. Lakini taa inasema cheche haichelewi. Mmoja kati ya hawa wawili anasema uongo. Injini haina sababu ya kudanganya. Taa nayo, nilikuwa nimeipima kwenye lori la Sebastiani wiki ile ile, ilikuwa sawa. Ilibaki alama. Lakini alama imechongwa kwenye chuma. Chuma kitadanganyaje?

Nikainama kuikagua puli kwa kidole, kwa nyuma, mahali macho hayafiki. Kidole kikatoka na maganda makavu. Nikayanusa. Kahawa.

"Mama," nikamwambia, "maganda ya kahawa yameingiaje mbele ya injini?"

"Yataachaje kuingia? Linakoboa."

Novati akageuka: "Gari linakoboa?"

"Linakoboa kuliko wewe," akajibu Mama Adelina, na akaeleza kwa fahari, kwa kuwa lilikuwa wazo lake mwenyewe. Marehemu mumewe aliacha kinu cha kukoboa kahawa, injini yake ikafa. Yeye hakutaka kuuza kahawa ya maganda wakati kahawa safi ina bei nzuri. Kwa hiyo kila msimu huisogeza pikapu mpaka puani pa kinu, hufungua mkanda wa feni, huvalisha mkanda mrefu kutoka kwenye puli ya injini mpaka kwenye kinu, na kijana wa kazi huimwagia rejeta maji isichemke. Rugu nzima ilikuwa inakobolewa na pikapu ile.

Vijana, sikilizeni hapa. Puli ya injini kama ile si chuma kimoja. Ni viwili: kitovu cha ndani, kilichofungwa kwenye kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na pete ya nje inayobeba mkanda, na katikati yao kuna mpira wa kumeza mitetemo. Umetengenezwa kuzungusha feni. Haukutengenezwa kuburuta kinu. Msimu baada ya msimu kinu kilikuwa kikiishika ile pete na kuirudisha nyuma, mpira ukawa unakubali kidogo kidogo, na alama ikawa inarudi pamoja na pete. Na kwa kuwa alama ndiyo iliyokuwa kipimo changu, kadiri nilivyokuwa makini ndivyo nilivyolichelewesha gari. Kitu chenye uzito wa tani nzima kilikuwa kimeshindwa kupanda mlima kwa sababu ya mpira usiozidi unene wa kidole.

Lakini kuelewa si kuonyesha. Nilihitaji kukijua kilele cha kweli cha pistoni, bila alama ya mtu yeyote. Nikageuka.

"Baba mdogo, naomba oruseke wako."

Oruseke ni ule mrija wa tete wa kunywea pombe kwenye kibuyu. Kwetu mtu haombi wa mwenzake ovyo.

"Unataka kunywa saa hii?"

"Nataka injini inywe."

Alinipa, nadhani kwa mshangao tu. Nikafungua plagi ya kwanza, nikauteremsha mrija kwenye tundu mpaka ukakaa juu ya pistoni. Usiwe mkavu wa kuvunjika. Kipande kikibaki ndani utakuwa na hadithi nyingine, ndefu kuliko hii. Nikauchonga alama ndogo kwa kisu, nikafunga waya mgumu mbele ya puli uwe mshale wangu, nikashika spana kuizungusha injini kwa mkono, polepole.

"Mzee Gozibert, wewe jicho lako linajua mstari. Mrija unapanda. Sema alama ikifika usawa wa mdomo wa tundu."

Akaiacha toroli. Akainama, mikono magotini. "Bado. Bado. Bado kidogo. Hapo!"

Nikapiga chaki kwenye kitovu cha puli, si kwenye pete. Nikaendelea kuzungusha. Mrija ukapanda, ukasimama, ukaanza kushuka.

"Unarudi," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. "Unarudi. Hapo!"

Chaki ya pili. Kilele kiko katikati ya chaki hizo mbili, hakiwezi kuwa pengine. Mzee Gozibert hakungoja kuambiwa. Alichukua uzi wake wa useremala, akapima kutoka chaki hadi chaki, akaukunja mara mbili, akaweka kidole. Nikachora mstari. Kisha nikazungusha mpaka mstari ule ukafika kwenye mshale, na watu wote wakasogea kuona alama ya kiwandani iko wapi. Pistoni ilikuwa imefika kileleni. Alama ilikuwa bado njiani, upana wa kidole gumba nyuma.

"Loo," akasema Novati. "Yaani gari lilikuwa likimsikiliza mtu aliyechelewa."

Hapo ndipo diploma ilipopata kazi yake, na niliifanya kwa sauti ili wote wasikie. Nilikizungushia kitovu uzi, nikaugawa urefu wake kwa thelathini na sita, nikapata nyuzi kumi, nikaweka alama mpya kwa rangi nyeupe. Nikawasha, nikamulika. Nikalegeza distributa, nikaigeuza chini ya upana wa ukucha.

Siwezi kuwaelezea sauti ile vizuri. Ilikuwa kama mtu aliyebeba mzigo kichwani kwa muda mrefu akatuliwa. Injini ikapanda yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ikatulia, ikawa inasema neno moja tu, lile lile, bila kukosea. Mama Adelina aliinuka kwenye jiwe.

Tulikwenda mlimani kabla ng'ombe hawajarudi. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kando yake, na Novati na Gozibert wakapanda nyuma pamoja na toroli na machipukizi, kwa kuwa nilitaka mzigo. Tulianza kupanda kwa gia ya tatu. Nilikuwa nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Pale iliposimama siku ya gulio tukapita. Kwenye kona ya mawe tukapita. Mama Adelina akazidi kukanyaga, na nyuma nikasikia mtu anapiga paa kwa kiganja, baba mdogo, akilia, "Punguza! Adelina, punguza, tuna wajukuu!"

Kileleni akasimamisha. Migomba ilikuwa chini yetu mpaka macho yalipoishia, na injini inanguruma taratibu, haichemki. Nilifikiria zile cheche, elfu kwa elfu, zilizoruka tangu bondeni, kila moja katika ile nafasi ndogo kuliko kufumba jicho, na hata moja haikukosea njia. Nikafungua mdomo niseme jambo kubwa.

"Sasa," akasema Mama Adelina, "kahawa yangu itakobolewa na nini?"

Nilimfufulia injini ya kinu chake mwezi uliofuata. Puli nzuri nilimtafutia kwenye pikapu iliyokufa. Jiriwa ilibaki mahali pake, na yale machipukizi Novati aliyapanda nyumbani kwake, akisema yalikwisha choka kubebwa.

Miaka mingine nairuka. Magari yalikuja, yakaenda, platini zikaisha, mashine zenu zikafika. Mwaka huu, nilipoamua kuweka spana chini na ninyi mkahamia kwenye lile jengo la kando ya lami, nilikaa nikajiuliza kilicho changu pale kwenye kiwanja. Jiriwa bado ya Gozibert. Jeki bado ya Sebastiani. Ardhi bado ya baba mdogo. Mtu niliyejitengeneza mwenyewe, kama nilivyozoea kuwaambia, nilikuwa nimesimama juu ya vitu vya watu. Nikaapa sitastaafu na cha mtu. Nitavirudisha vyote siku moja, nimalize, nisidaiwe na yeyote chini ya jua.

Tatizo likawa kubeba. Mimi, niliyetengeneza magari maisha yangu yote, sijawahi kuwa na gari. Nikaenda Rugu kwa Mama Adelina, mzee sasa, sauti ile ile. "Chukua," akaniambia, "ila usikobolee."

Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Jiriwa niliipaka grisi, nikaiwekea meno mapya, nikaweka na sukari na sabuni juu yake. Mzee Gozibert aliipapasa muda mrefu. Akasema sasa ina nguvu kuliko yeye, na kwamba siwezi kuondoka hivi hivi, akanipakilia gunia la maharage na kigoda alichokichonga mwenyewe. Nikakataa. Akauliza kama nataka kumtukana nyumbani kwake. Kaisho, Sebastiani alipokea jeki yake, betri mpya badala ya ile iliyokufa zamani, na kitenge cha mkewe. Akawaita wanawe, wakapakia mikungu ya ndizi mpaka springi zikalala, kisha juu ya mikungu wakamfunga mbuzi.

"Sebastiani, nimekuja kulipa!"

"Nani kakuzuia? Umelipa. Hii ni zawadi ya kuja."

Mwisho nikafika kwa baba mdogo Novati. Anatembea kwa fimbo siku hizi. Nilimwambia kiwanja ni chake tena, nimekisafisha mafuta, nimepanda migomba na imeshika, na hili blanketi jipya ni lake. Alilijaribu begani. Kisha akaweka buni chache kwenye kiganja changu, kama anavyompa mgeni wa heshima, akasema, "Umerudisha. Sasa asubuhi nani atajaribu honi hapo gereji nijue kumekucha?" Akaagiza nipakiliwe kuku wawili na mtungi wa pombe, na akasema kila mkungu wa kwanza wa migomba ile ni wa kwangu mpaka mmoja wetu afe.

Nikaondoka nikipanda kilima cha kwenda nyumbani, maharage, kigoda, mikungu, mbuzi, kuku na mtungi, kwenye injini iliyozeeka kuliko wanangu. Gia ya tatu. Haikugonga, haikuchemka. Niliendesha kioo kikiwa wazi ili niisikie.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Asubuhi nilikuwa nimemuaga kwa maneno mengi, kwamba jioni ataolewa upya na mtu asiyedaiwa. Alizunguka pikapu yote, taratibu, mikono kiunoni, akifunua hiki na kile. Akafika kwa mbuzi, wakatazamana.

"Baba Tumaini," akasema, "ulikwenda kulipa au kukopa?"

Nikamwambia anisaidie kwanza kumshusha mbuzi.